Akina Shah walitoka wapi? Historia ya Waoshwal, Wajaini walioshika jembe kabla ya kufungua duka

Pita Parklands, Ngara au Biashara Street jijini Nairobi, kisha hesabu mabango yenye jina Shah. Duka la vitambaa, Shah. Daktari wa meno, Shah. Wakili, Shah. Ukienda Thika, Kisumu au Mombasa mambo ni yale yale. Hata hospitali moja mashuhuri ya Parklands ina jina hilo.

Wengi wetu humaliza mjadala kwa kusema, "Hao ni Wahindi, biashara iko kwenye damu." Ukiuliza dini yao, utaambiwa ni Wahindu.

Kwa sehemu kubwa ya hawa akina Shah, majibu yote mawili si sahihi. Dini yao ni Ujaini, ambao si Uhindu. Na mababu zao waliopanda jahazi kuja Mombasa zaidi ya miaka 100 iliyopita hawakuwa wafanyabiashara. Walikuwa wakulima, watu wa jembe na ng'ombe, waliosukumwa na ukame.

Jamii yenyewe inaitwa Halari Visa Oshwal. Kila neno kati ya hayo matatu lina kisa chake, kwa hiyo tuyafungue moja moja, tukianza na la mwisho.

Oshwal: mji wa jangwani

Katika jimbo la Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India, kuna mji mdogo unaoitwa Osian. Uko kama kilomita 65 kutoka Jodhpur, pembezoni mwa jangwa la Thar. Leo watalii huenda huko kupanda ngamia na kupiga picha za mahekalu ya kale. Kwa Moshwal, hapo ndipo kitovu kilipozikwa. Oshwal maana yake ni mtu wa Osian.

Simulizi ya jamii inasema hivi. Mtawa wa Kijaini aitwaye Ratnaprabhasuri alifika mjini humo akiwa na wafuasi wake, lakini hawakupata chakula, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na nyama na pombe. Kisha mtu wa nyumba ya mfalme akaumwa na nyoka. Wengine husema alikuwa mtoto wa mfalme, wengine mkwe wake. Walipokuwa wakimpeleka kuchomwa, mtawa akamponya. Mfalme na watu wake, waliokuwa Warajput, yaani ukoo wa vita, wakaweka silaha chini na kuingia Ujaini.

Hata mungu wa kike wa mji hakubaki nyuma. Alikuwa Chamunda, mkali, aliyezoea kuchinjiwa wanyama. Inasemekana mtawa alimfundisha na yeye akaacha damu, akapewa jina jipya la Sachiya. Hekalu lake lipo Osian mpaka leo na watu humpelekea vyakula vitamu. Mimi hiki ndicho kipande ninachokipenda zaidi katika kisa chote. Kwa kawaida dini mpya ikifika mahali, mungu wa zamani hufukuzwa. Huyu alibadilishiwa chakula tu.

Je, hayo yalitokea lini? Simulizi inasema ni miaka 70 baada ya kifo cha Mahavira, mwalimu wa 24 na wa mwisho wa Wajaini. Kwa hesabu ya Wajaini wenyewe Mahavira alifariki mwaka 527 kabla ya Kristo, kwa hiyo tungekuwa tunazungumzia mwaka 457. Wanahistoria hawakubali tarehe hiyo. Hekalu la Mahavira pale Osian lilijengwa karne ya 8 baada ya Kristo, enzi za mfalme Vatsaraja wa ukoo wa Pratihara, na ushahidi wa jamii inayojiita kwa jina la mji huo ni wa baada ya hapo. Tofauti ya zaidi ya miaka 1,000 si ndogo. Lakini jambo moja linabaki: hawa ni watu wanaojieleza kwamba walianza siku walipokataa kuua.

Visa: ishirini, siyo pasi

Neno la pili halihusiani na ubalozi. Visa hapa linatokana na hesabu, ishirini. Ndani ya Waoshwal kuna pia Dasa, yaani kumi. Ni mgawanyiko wa ngazi, "kamili" na "nusu", uliotokana na ugomvi wa zamani kuhusu nani alifuata masharti ya ndoa na nani aliyavunja. Dini inafundisha usawa wa roho zote, lakini watu ni watu.

Halari: vijiji 52

Kutoka Rajasthan, Waoshwal walisambaa. Wengine walibaki kuwa matajiri wa fedha na mawaziri wa wafalme. Tawi moja lilishuka kusini magharibi kupitia Sindh, eneo ambalo leo liko Pakistan, likafika Kutch, na kutoka hapo likavuka ghuba hadi rasi ya Kathiawar. Simulizi zao zinaunganisha safari hiyo ya mwisho na mtawala aitwaye Jam Rawal, aliyehama kutoka Kutch na kuanzisha mji wa Nawanagar mwaka 1540. Leo mji huo unaitwa Jamnagar, na eneo linaloizunguka huitwa Halar.

Waoshwal wa Halar walikaa katika vijiji 52. Wakalima mtama, karanga na pamba, wakifuga ng'ombe na kungojea mvua.

Sasa hapa kuna jambo la kushangaza. Mjaini akilima, anaingia kwenye matatizo na dini yake.

Msingi wa Ujaini ni kutodhuru kiumbe chochote chenye uhai, na hiyo siyo kuku na mbuzi tu. Sisimizi ana roho. Mnyoo ana roho. Maji, udongo na moto pia vina uhai wa aina yake. Ndiyo maana Mjaini anayeshika sana dini hali viazi, vitunguu wala karoti, kwa sababu ukiking'oa kiazi umeua mmea mzima na vidudu vilivyo kwenye udongo wake. Hali usiku, maana gizani unaweza kumeza mdudu bila kujua. Watawa wengine hufunika mdomo kwa kitambaa na kufagia njia kwa ufagio laini kabla ya kukaa.

Vitabu vya kale vya Wajaini vina orodha ya kazi 15 ambazo muumini wa kawaida anashauriwa aziepuke. Humo kuna biashara ya pembe za ndovu, biashara ya pombe, ya sumu na silaha, ya watu na wanyama, na uchomaji wa misitu. Kupasua ardhi pia kumo. Jembe la plau linapopita, hakuna anayehesabu mende na minyoo iliyokatwa.

Ndiyo sababu katika sehemu nyingi za India Wajaini walikimbilia biashara ya nguo, fedha na vito. Hakuna mdudu anayekufa ukiuza pete. Lakini Waoshwal wa Halar hawakuwa na uchaguzi huo. Walikuwa na ardhi kavu na matumbo ya kulisha.

Dini inawapa njia ya kupumulia. Inatofautisha kuua kwa kukusudia na madhara yanayotokea mtu anapofanya kazi halali ya kujipatia riziki. La kwanza halina msamaha rahisi. La pili ni doa, lakini doa la kuombewa na kupunguzwa. Kwa karne kama tatu hivi, jamii hii iliishi ndani ya tofauti hiyo ndogo: Wajaini wenye matope miguuni.

Njaa ya Hamsini na Sita

Kisha mvua ikakosekana. Mwaka 1899 hadi 1900 magharibi mwa India ilipigwa na njaa ambayo wazee wa Gujarat bado wanaitaja kwa jina: Chhappaniyo, yaani ya 56, kwa sababu ilikuwa mwaka 1956 kwa kalenda yao. Ng'ombe walikufa, na mkulima bila ng'ombe wa kuvuta plau hana kazi.

Upande huu wa bahari, mwaka huo huo wa 1899, reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipokuwa na maji baridi na matope mengi, pakaitwa Nairobi.

Kuna kosa linalorudiwa sana hapa, kwamba Wahindi wote wa Kenya ni wajukuu wa wajenzi wa reli. Sivyo. Vibarua wa reli walikuwa zaidi ya 30,000, wengi wao kutoka Punjab, na wengi walirudi kwao mikataba ilipokwisha. Waoshwal walikuja kwa nauli zao, kijana mmoja mmoja, kwenye majahazi yaliyosukumwa na upepo wa kaskazi. Kumbukumbu za jamii zinataja 1899 kuwa mwaka wa wale wa kwanza.

Hawakuja na mtaji. Aliyefika alifanya kazi dukani kwa mtu mwingine, mara nyingi kwa chakula na mahali pa kulala, akilala juu ya kaunta au katikati ya magunia. Akiweka akiba kidogo, anamwita mdogo wake. Wawili wanamwita binamu. Baada ya miaka kadhaa mmoja anabaki mjini kununua bidhaa za jumla na mwingine anasukumwa mbele kwenye kituo kinachofuata: Thika, Fort Hall ambayo sasa ni Murang'a, Nyeri, Meru. Chumvi, sukari, mafuta ya taa, shuka na sabuni. Mke na watoto walifuata baadaye sana.

Kwa nini hawakurudi kwenye jembe?

Swali zuri. Walikuwa wakulima, na Kenya ilikuwa na ardhi yenye mvua kuliko Halar.

Jibu liko kwenye sheria. Serikali ya kikoloni ilitenga Nyanda za Juu, ardhi nzuri kuliko zote, kwa Wazungu peke yao. Mwafrika aliondolewa, Mhindi hakuruhusiwa kununua. Mwaka 1908 waziri wa makoloni jijini London, Lord Elgin, aliukubali utaratibu huo, na Waraka wa Devonshire wa 1923 ukauacha palepale. Hivyo mkulima aliyetoka Jamnagar alikuta milango miwili tu iko wazi, duka au ukarani.

Kwa hiyo ile "biashara kwenye damu" kwa kiasi kikubwa iliandikwa na mkoloni. Nasema kwa kiasi kikubwa kwa sababu dini nayo ilichangia. Duka la shuka na chumvi halikuua mnyoo yeyote. Kijana aliyeacha plau kwao alijikuta, bila kupanga, karibu zaidi na vitabu vyake kuliko baba yake alivyokuwa. Sidai kwamba kila mmoja alifuata orodha ya kazi 15 neno kwa neno.

Na tusiwapake sukari. Duka lile lilikuwa ngazi ya katikati katika jengo la kikoloni ambalo Mwafrika alikuwa chini kabisa, na mara nyingi Mwafrika alikutana na ukoloni usoni pa muuza duka kuliko usoni pa gavana. Bei ya duka, mkopo wa duka, na kijana aliyeajiriwa kubeba magunia bila kupandishwa cheo ni mambo yanayokumbukwa. Waswahili walikuwa na methali kabla hata ya reli: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani ni huyu huyu mfanyabiashara wa Kigujarati, Mhindu au Mjaini.

Jina Shah lilitoka wapi?

Kule Halar watu walijulikana kwa jina lao, jina la baba, na jina la ukoo: Chandaria, Dodhia, Haria, Malde, Gudka, Sumaria na mengine mengi. Walipofika Afrika Mashariki na kutakiwa kujaza karatasi, wengi waliandika Shah.

Hili si lile la wafalme wa Uajemi, ingawa linaandikwa sawasawa. Shah ya Gujarat ni neno la zamani la kumheshimu mfanyabiashara mwaminifu. Yaani wakulima walichagua jina la kazi waliyokuwa wanaiendea. Ndiyo maana ukikuta akina Shah wawili, huenda hawana undugu kabisa. Na si kila Shah ni Moshwal, kwa kuwa Wajaini wengine na Wahindu wa Gujarat pia hulitumia, na kuna Waislamu wenye jina hilo.

Mfano unaojulikana ni Meghji Pethraj Shah. Alizaliwa 1904 katika kijiji cha Dabasang, Halar, akaja Kenya mwaka 1919 akiwa kijana mdogo. Alianza na kazi ndogo, akajenga biashara na ndugu zake, kisha akaanza kugawa fedha pande zote mbili za bahari. Hospitali ya M.P. Shah ya Nairobi ina jina lake, na chuo cha udaktari cha Jamnagar kilichofunguliwa 1955 pia. Mwingine ni Manu Chandaria, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1929, ambaye familia yake ilibaki na jina la ukoo na kujenga viwanda vya chuma na alumini.

Dini bila watawa

Mtawa wa Kijaini hapandi gari, treni, meli wala ndege. Anatembea kwa miguu, peku, na miezi minne ya mvua hukaa mahali pamoja ili asikanyage wadudu. Bahari haivukiki kwa miguu. Maana yake ni kwamba Waoshwal waliovuka waliwaacha nyuma walimu wao wote.

Fikiria Wakatoliki wakihamia nchi isiyo na padri hata mmoja, na hakuna anayeweza kutumwa. Hiyo ndiyo hali waliyoishi kwa miongo mingi. Wazee wa duka walijifunza kuongoza sala ya toba wenyewe, mama nyumbani akawa ndiye mlinzi wa masharti ya jikoni, watoto wakapelekwa darasa la dini siku za mapumziko. Ilipofika 1970, mtawa mmoja aitwaye Chitrabhanu alivunja mwiko na kupanda ndege kwenda kwenye mkutano Geneva, na kelele zilikuwa kubwa India. Mwaka 1980 tawi moja la Wajaini likaanzisha daraja maalumu la watawa, wanawake kwa wanaume, wanaoruhusiwa kusafiri ng'ambo.

Wakati huo huku walikuwa wameshajenga. Hekalu la Wajaini la Mombasa, lile jeupe la marumaru karibu na Mji wa Kale, lilikamilika 1963, mwaka wa uhuru. Mara nyingi hutajwa kuwa la kwanza la aina yake, lenye mnara wa jadi, nje ya India. Nairobi kuna kituo cha Oshwal, hekalu na shule.

Kila mwaka, kati ya Agosti na Septemba, huja siku nane za Paryushan. Kuna wanaofunga zote nane kwa maji yaliyochemshwa tu, na hayo hunywewa mchana peke yake. Siku ya mwisho kila mtu humwendea mwenzake, mkubwa kwa mdogo, na kumwambia "Michchhami dukkadam", yaani kama nimekukosea kwa kujua au kutojua, nisamehe. Siku hizi nyingi hutumwa kwa WhatsApp, kwa kundi zima mara moja, na wazee hawafurahii.

Wanakaa au wanaondoka?

Baada ya uhuru swali likawa pasi. Sheria za Kenya za 1967 za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana wasio raia. Wengi walikuwa na pasi za Uingereza, wakakimbilia London kabla mlango haujafungwa, na Machi 1968 Uingereza ikaufunga kwa sheria ya haraka. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Waoshwal wengi walikuwa Kenya, hivyo kipigo hicho hakikuwaangukia moja kwa moja, lakini kila familia iliyokuwa na sanduku ililifuta vumbi.

Leo Potters Bar, kaskazini mwa London, kuna kituo kikubwa cha Oshwal na hekalu lililofunguliwa 2005. Wengi wa waliolijenga ni watoto wa Thika, Nairobi na Mombasa, na wazee wao bado huchanganya Kigujarati na Kiswahili wakiwa jikoni.

Waliobaki Kenya walipata jibu la aina yake Julai 2017, serikali ilipowatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44. Wapo waliofurahi. Wapo waliouliza kwa nini raia wa kizazi cha nne asubiri tangazo. Na kuna tatizo dogo: kabila hilo limewaweka kapu moja Mjaini, Singasinga, Mgoa, Mwismaili na Bohora, watu ambao hawali pamoja, hawasali pamoja na, kwa muda mrefu, hawakuoana. Waoshwal wenyewe walikuwa wagumu sana katika hilo la ndoa. Kuoa nje ya vijiji 52 lilikuwa jambo la kuitisha kikao cha wazee. Siku hizi vijana wanaoana na Wahindu, Wazungu na Waafrika, na vikao vimepungua.

Ila kuna swali moja ambalo halijafa. Waoshwal wawili wasiojuana wakikutana, iwe Nairobi au London, mkubwa atamuuliza mdogo: kijiji gani? Na kijana ambaye hajawahi kukanyaga India atataja jina la kijiji cha Halar. Akienda huko likizo, mara nyingi hukuta hekalu linatunzwa vizuri kwa michango ya ng'ambo, nyumba ya babu imefungwa kufuli, na shamba linalimwa na watu wengine.